Maji Yakianza Kumwagika

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na ile dawa ya kupaka niliyokutumia inasaidia. Huku kwetu sote wazima. Mume wangu anakohoa kidogo, ni vumbi la ukarabati wa jengo, si kitu. Watoto wamefungua shule. Mama mkwe bado yupo. Alikuja kwa wiki mbili, sasa kajipangia kabati. Hayo tuyaache.

Nimekupigia mpaka nimechoka. Mara simu inaita bila kupokelewa, mara imezimwa kabisa. Mwisho nikampigia mwanao, yuko njiani na lori lake, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyebanwa vidole na mlango: "Mama amesema anayemtaka aandike barua, tena kwa mkono." Nikadhani anatania. Nikamuuliza mkewe na mtoto wao Pindo wanaendeleaje, akasema yuko kwenye mteremko, akakata.

Basi haya, naandika. Vidole vimesahau kalamu, mwandiko utanisamehe.

Nina habari njema na ningetaka uzisikie kwangu kwanza. Ile makala yangu ya gazetini ya mwezi uliopita, kuhusu nyumba ambamo simu zinapita mikono mingi na jinsi watu wanavyotunziana siri au kuchunguliana, imependwa kuliko nilivyotarajia. Mkuu wa chuo ameitaja mkutanoni. Kampuni ya vitabu imekubali kuchapa utafiti wote, na kitabu kikitoka napanda kuwa profesa. Profesa, Shangazi! Yule uliyekuwa ukimfundisha kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Wasomaji wa kampuni wamesema sura ya nne ndiyo inayobeba kitabu kizima, na sura ya nne ni nyumba yako: meza ya cherehani, simu zikichajiwa juu yake, na mazungumzo yote yaliyonaswa na kile kinasa sauti nilichokuachia mwaka juzi. Bila ninyi sina kitabu.

Niandikie upesi, uniambie umekasirishwa na nani. Kama ni mimi, nitakuja kupiga magoti.

Mwanao wa siku zote

*

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo. Inanitoa kitandani inanipeleka kwenye cherehani na kunirudisha, safari nyingine sina. Dawa yako nimeipaka, inanuka. Mumeo mwambie anywe maji ya moto. Mama mkwe wako mpe pole, kuishi na msomi si kazi ndogo.

Umeuliza kwa nini barua. Simu yangu nimeizima na kuifungia kwenye droo ya mikasi. Nimechoka na vitu vyenye masikio. Karatasi hukaa kimya mpaka mwenyewe aifungue, na ukitaka kuichana inachanika.

Kazi zipo kiasi. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua nguo yake kabla haijaisha, akasema ataimalizia kwingine. Nikampa na pini zake. Mwingine alikuja kupimwa, nikamwomba anionyeshe picha ya mshono anaoutaka. Simu aliishika kwa mikono miwili, akanigeuzia kioo tu, kana kwamba nitamnyang'anya. Nyumba imetulia. Pindo hajambo, nadhani.

Hongera kwa uprofesa. Nimefurahi kusikia kwamba bila sisi huna kitabu. Sentensi hiyo nimeirudia mara kadhaa.

Nina ombi dogo. Ile karatasi uliyonisainisha wakati unaanza utafiti, siioni. Siku ile nilikuwa napiga pasi, sikuisoma. Nitumie nakala yake, mbele na nyuma.

Shangazi yako

*

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. "Nadhani" maana yake nini? Pindo analala chumba cha pili kutoka kwako. Asubuhi anaamkia kwenye meza yako kuchezea vifungo kabla hajapiga mswaki. Wewe si mtu wa kudhani kuhusu mjukuu wako.

Karatasi hiyo hapo, nimeiambatanisha. Kusema kweli wewe ndiye mshiriki wa kwanza kuniomba nakala. Wengi huisaini kama wanapokea mzigo. Kwa kifupi inasema hivi: umekubali ninase sauti nyumbani kwako, umekubali niandike unachosema, nami nimeahidi kubadilisha jina lako. Na ukichoka, unaweza kujitoa wakati wowote kabla kitabu hakijachapwa, bila kutoa sababu, na kila kilichonaswa kwenu kinafutwa. Mke wa mwanao alisaini ya kwake siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo.

Kuhusu jina, sijui kama uliona gazeti. Washiriki wengine niliwapa majina ya kuokoteza tu. Wewe sikuweza. Nilikupa Bi Kengele, tulivyokuwa tunamwita bibi, mama yako, kwa jinsi alivyokuwa akiita watoto waje kula mpaka na majirani wanakaa mkao wa kula. Nilitaka naye awemo kitabuni. Nilidhani ungefurahi.

Na jambo jingine, dogo. Zile jumbe za sauti nilizokuwa nakutumia kwa simu mwaka jana, nimejifungia garini na hasira zangu, kuhusu mama mkwe, kuhusu mkuu wa idara na mke wake, tafadhali zifute. Uliniambia utazifuta. Unajua mwenyewe nilikuwa natapika tu, na wewe ndiye uliyekuwa ndoo yangu.

Nakusubiri. Safari hii usiniandikie habari za miguu.

Mwanao

*

11 Aprili

Daktari,

Marahaba. Karatasi nimeipata, nimeisoma mbele na nyuma. Umeuliza maana ya "nadhani". Basi kaa chini.

Mke wa mwanangu alikuwa anasuka pale saluni ya kona, unaijua. Siku gazeti lako lilipotoka, mteja amekaa kwenye kiti chake, kichwa kimo mikononi mwake, anasoma gazeti kwenye simu kwa sauti ili wenzake wachangamke. Akafika kwenye maneno yangu. Nayajua kwa moyo sasa: "Anaiacha simu kwenye meza ya cherehani anapokwenda kuoga. Namba yake ya siri ninayo, alinipa mwenyewe kwa ajili ya dharura. Maji yakianza kumwagika, naanza kusoma. Yakikatika, naiweka pale pale, imelala kifudifudi kama alivyoiacha." Na chini yake umeandika: Bi Kengele, mshonaji wa nguo za harusi. Saluni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akasema mama mkwe wa namna hiyo afungiwe kabatini. Mwenye saluni ndiye aliyenisimulia. Mke wa mwanangu alicheka pamoja nao, akamaliza kusuka mistari iliyobaki, akavua aproni yake, akarudi nyumbani. Bi Kengele anamjua. Tangu aolewe anasikia visa vyake, na Pindo hucheza kuwa yeye, akigonga sufuria kwa mwiko na kuita watu wasiokuwepo.

Jioni ile alifanya kama kawaida. Alinipakulia chakula, akanisogezea kigoda cha miguu.

Asubuhi akaweka simu yake mezani, kifudifudi, akaingia bafuni. Nikasikia maji. Utaniona sina haya, lakini nakuambia ilivyokuwa: niliichukua. Mkono ulikwenda wenyewe, ulishazoea njia. Nikaifungua. Hapakuwa na ujumbe wowote. Palikuwa na ukurasa wako wa gazeti, umesimama kwenye maneno yale yale. Nikasoma mpaka mwisho. Maji bado yanamwagika. Nikakaa, yakaendelea. Nikaita, kimya. Niliposukuma mlango wa bafu, bomba liko wazi, ndoo inafurika, na ndani hamna mtu. Alikuwa amekwisha toka na Pindo kwa mlango wa nyuma. Simu kaniachia, katoa laini tu.

Mwanangu akirudi safari hulala kwa rafiki yake. Hupita hapa, huacha vitu vya nyumbani mlangoni, haketi. Na ninyi huko mnaitana maprofesa.

Maneno yale nilimwambia mtoto wa kaka yangu, tunakunywa chai, tunacheka. Gazeti sikuliambia. Ungenipa jina lolote duniani, Daktari, hata jina la bata, nisingejulikana. Ukanivika la mama yangu, ukaniweka dirishani.

Najitoa. Karatasi inasema sababu si lazima. Wewe nimekupa kwa sababu ya undugu. Kamati yenu ya maadili, ile iliyotajwa kwenye karatasi, sitaipa. Uliandika kwamba bila sisi huna kitabu. Basi huna kitabu.

Mshiriki wako

*

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ngazi za chuo. Nimelia. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Nitakuambia vyote viwili, maana wewe hukunificha kitu.

Pole. Pole sana. Lile jina lilikuwa kosa langu, na nitalijutia. Nilitaka kumheshimu bibi nikakuvua nguo wewe. Ningekuwa karibu ningekuja leo.

Lakini simu ya mke wa mwanao haikusomwa na gazeti. Ilisomwa na wewe, kila asubuhi, tena kwa miaka. Hukuona aibu kusoma, umeona aibu kusomwa. Sasa unatafuta wa kumbebesha, na mimi ndiye nimesimama karibu. Niliyoandika ni maneno yako, sikukuongezea hata nukta.

Na unajua unaomba nini? Nimekaa kwenye kazi hii tangu mwanangu wa pili hajazaliwa. Ukijitoa, si sura moja inayoondoka, nyumba zote nyingine nimezilinganisha na yako. Kampuni itavunja mkataba. Kiti cha profesa kitakwenda kwa mwenzangu wa chumba cha pili, yule anayekula mayai ya kuchemsha ofisini. Utakuwa umenikata mkono ule ule uliowahi kuushika wewe mwenyewe kunifundisha kuandika.

Pindo simdhanii, nimemwona. Kama hukuwa na habari, mama yake yuko huku mjini, kwa wazazi wake. Amepata kiti kwenye saluni iliyo nyuma ya chuo, ile wanakosukwa wake za walimu wote, mpaka mke wa mkuu wa idara. Juzi nilipita, nikawaona kwa kioo. Pindo kakaa sakafuni anapanga rola za nywele kwa rangi. Amerefuka, gauni limemwishia magotini. Sikuingia. Lakini nimemwona mimi, na wewe hujamwona.

Kuna jambo moja kwenye rekodi zenu. Siku ile wewe umekwenda sokoni, kinasa sauti kikabaki mezani. Linakuhusu wewe. Siwezi kukuambia, kwa kuwa halikusemwa na wewe, na aliyelisema nilimwahidi siri kama nilivyokuahidi wewe. Ninachokuomba ni hiki tu, usiharakishe kufuta. Utajuta.

Mwanao, hata kama hutaki

*

17 Mei

Daktari,

Marahaba. Hapa tuna joto, wateja wanaomba nguo zisizo na mikono. Mashine imevunja sindano mara mbili wiki hii, nami nimewalaumu watu wote isipokuwa mimi. Umeona, najifunza.

Kwa hiyo sasa unajua kutunza siri. Hongera. Umechelewa kidogo kuhitimu somo hilo, lakini elimu haina mwisho, si ndivyo mnavyosema? Siri ya mwenzangu unaishika kwa meno, ya kwangu umeichapa nakala ngapi?

Hicho chambo chako sikili. Nakujua tangu unatambaa. Ukitaka kitu cha mtu unamwambia "kuna jambo, lakini siwezi kusema", mtu anaachia alichoshika, wewe unachukua. Ulinifanyia hivyo kwa mkufu wa mama, ukautia mdomoni.

Kamati ya maadili nimekwisha waandikia, barua ya rejista, kwa mwandiko wangu bora. Nakala nimempelekea mkuu wa idara, yule ambaye kikohozi chake uliniigizia vizuri sana hata nilipoona jina lake kwenye bahasha nikasikia kikohozi kinanijia. Uliniomba nifute zile sauti zako. Ombi nimeliona.

Asante kwa kuniambia Pindo amerefuka. Gauni lake lipo mezani, nilikuwa nimelikata kwa vipimo vya zamani. Nitaliongeza urefu.

Siharakishi kitu. Nashona polepole, mshono mmoja baada ya mwingine, na huu unafika mwisho wa kitambaa.

Mshiriki aliyejitoa

*

30 Juni

Mwanangu,

Hujanijibu. Nadhani posta ni nzima, ni wewe tu.

Miguu imevimba tena. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, sikuwahi kuiona hivyo. Bafu silitumii vizuri. Nikifungua bomba huwa nasimama naangalia mlango.

Kamati imenijibu kwa karatasi nzuri yenye muhuri. Inasema ombi limekubaliwa na kila kilichonaswa nyumbani kwangu kitafutwa. Nilifurahi. Nikaisoma kwa sauti, hapakuwa na wa kuisikia, nikaifunga.

Nakuomba jambo. Kabla hamjafuta, nataka sauti ya Pindo. Ile tu ya Pindo, hata kidogo, hata akiwa analia. Ninajua umekaa na sauti yake, wewe ambaye si chochote kwake ila binamu wa baba yake.

Na lile jambo lako. Sijakusamehe, usije ukadhani. Wala sikuombi unisamehe. Nauliza tu kama mtu anavyouliza saa. Alisema nini nilipokwenda sokoni?

Shangazi yako

*

2 Agosti

Shangazi,

Mume wangu amepona kikohozi. Watoto wazima. Mama mkwe bado yupo, na sasa anapanga na kabati langu.

Kazi uliyoagiza imefanyika. Mtu wa kamati alisimama nyuma ya kiti changu ahakikishe. Nilifuta faili moja moja, na kwa kila moja kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikabonyeza ndiyo mpaka nyumba yako yote ikaisha. Kampuni ya vitabu imevunja mkataba. Mla mayai ameanza kupima ofisi yangu kwa macho, aone meza yake itakaa wapi. Mkuu wa idara alinipa pole kwa uso wa mtu anayefurahi kwa ndani.

Barua yako ya Juni ilinifikia. Utataka kujua kama niliisoma kabla ya kufuta au baada. Hilo sisemi, wala usiniulize.

Sasa kwa kuwa wewe si mshiriki wangu tena, na mimi si mtafiti wako, na rekodi haipo mahali popote duniani, naweza kukuambia kilichokuwemo. Ahadi niliyompa mke wa mwanao naivunja kwa kujua. Nimechoka kuwa mwaminifu peke yangu.

Ulikuwa umekwenda sokoni. Alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, anakunja nguo. Nimeisikiliza mara nyingi, siwezi kukosea neno. Alisema hivi:

"Najua ananisomea, mama. Najua tangu mwezi ule wa kwanza. Naiacha simu kichwa kikiangalia dirisha, nikitoka naikuta kinaangalia cherehani. Mwache asome. Usoni haambiliki, utanuniwa wiki nzima. Lakini nikikuandikia wewe kwamba ile miguu yake inanitia huruma, kesho yake anakubali kukaa chini. Nikikuandikia nimechoka kuamka wa kwanza, kesho naamka nakuta chai imeshachemka, naye kajifanya kakosa usingizi. Tunaelewana vizuri sana mimi na yeye, ila lazima tupitie kwako." Kisha akacheka, Shangazi. Si cheko baya. Akasema: "Tena siku hizi naoga polepole makusudi, nimpe nafasi ya kumaliza."

Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya nne. Kusomwa alikuwa amekukubalia. Kuchekwa saluni mbele ya watu hakukubali, na aliyesababisha achekwe ni mimi. Gazetini niliandika nusu ya mambo, ile nusu ya kuchekesha, kwa sababu magazeti yanapenda hivyo. Nusu hii nyingine niliiweka akiba kwa ajili ya kitabu. Wangeisoma wote waliokucheka. Angeisoma na yeye, akaona kwamba na mimi nilijua. Wewe umeifuta, kwa barua ya rejista, kwa mwandiko wako bora.

Pindo naye alikuwemo. Alikuwa chini ya meza na vifungo vyake, akiuliza, "Bibi anarudi saa ngapi?" Akijibiwa, anahesabu vifungo viwili vitatu, anauliza tena. Nimefuta kama ulivyoagiza.

Nitashukuru usiponiandikia tena.

*

25 Agosti

Mwanangu,

Hukuniamkia safari hii, lakini marahaba.

Nimelia. Nakuambia ili ufurahi, maana uliandika nilie, na kazi yako umeifanya vizuri kuliko zote ulizowahi kufanya. Niliweka kichwa juu ya cherehani nikalia mpaka kitambaa cha mtu kikalowa, nikalazimika kukipiga pasi upya.

Halafu nikafuta uso nikafikiri. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunaongea, naye alikuwa ananipa zamu. Mimi nikasoma tu, sikuwahi kumpa cha kusoma. Basi nimefungua droo ya mikasi. Nimetoa simu yangu, nimeichaji mpaka ikajaa, namba ya siri nimeiondoa. Nimeizungushia gauni la Pindo, nililoliongeza urefu kama ulivyonieleza, pamoja na ile simu ya mama yake aliyoniachia, ambayo tangu asubuhi ile sijaigusa. Mwanangu akaweka kifurushi kwenye lori. Juu yake nikaandika: Soma chochote, mwanangu. Usingoje maji.

Ameshaupeleka mzigo huko saluni nyuma ya chuo. Juzi alirudi kunieleza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze aliketi. Alisema mkewe alipokea, akaiweka simu yangu mezani kifudifudi. Lakini hakumrudishia. Pindo alivaa gauni pale pale, juu ya nguo nyingine, akakataa kulivua. Mkewe akamwambia aje Jumapili, azungumze na wazazi. Kwa hiyo kuna Jumapili. Sijui itakuwaje, lakini ipo.

Sijafuta kitu humo ndani. Yamo niliyomsema kwa dada zangu alipounguza wali, yamo niliyomsifu kwa wateja asijue. Ajue vyote. Aliiacha namba yake ile ile akijua nasoma, na mimi nimempa simu yangu isiyo na namba.

Sasa nikurudie wewe.

Mwezi wa tatu uliniomba nifute zile sauti zako za garini. Nilikuwa na nia, kweli. Baadaye nikakumbuka jinsi ulivyosema maneno yangu hukuongeza hata nukta, nikaona na mimi nisipunguze. Zimo zote. Mama mkwe wako yumo na kabati lake na yale mengine uliyosema juu yake ambayo hata mimi nilishika mdomo. Mkuu wa idara yumo, na kikohozi chake. Mke wake yumo, na ulichosema kuhusu wigi lake na kuhusu alivyopata digrii. Mumeo yumo, siku ile ulipolia kwa muda mrefu.

Saluni umenielekeza mwenyewe. Umeniambia mwenyewe nani na nani wanasukwa pale. Wasusi nao, unajua, mikono ikiwa kazini hupenda kuwa na kitu cha kusikiliza. Huenda hatazifungua. Huenda atazisikiliza peke yake akatikisa kichwa, kwa kuwa ana moyo kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Huenda atazifungua mbele ya kioo, mke wa mkuu wa idara akiwa kwenye kiti, Ijumaa, saluni imejaa. Mimi sijui atachagua lipi. Mimi si mtafiti.

Ila kama atazifungua, kuhusu jina usiwe na wasiwasi kama wangu. Humo sikukupa la kuokoteza, wala la bibi. Kila sauti unaanza vile vile, "Shikamoo Shangazi, ni mimi," halafu unajitaja jina lako lote, kama unavyojitaja kwenye mikutano yenu. Nimeliacha lilivyo.

Shangazi yako